Panga la Ndotoni Linaelekea Wapi?

Uwe Tarakea pale mpakani, uwe Usseri, Mashati, Mkuu, uwe umeteremka hadi Holili, au unatusikia kutoka upande wa pili kule Loitokitok, karibu. Leo tunazungumza ndoto. Za nyoka na za meno kung'oka tulishazigusa, na simu zilivyomiminika mnakumbuka wenyewe. Leo nataka za silaha, tena silaha iliyo kwenye mwendo: mkuki uliokwisha kurushwa, panga linaloshuka, mshale ulioko angani, risasi inayotoka. Rungu lililotundikwa ukutani ndotoni halimwamshi mtu. Linalomwamsha saa nane za usiku, shuka limelowa jasho na baridi ya mlima iko vilevile, ni lile linalokuja.

Nina meseji hapa. Ni ya dada mmoja wa hapahapa Tarakea, ameruhusu niisome ila jina nilifiche. Anasema: kaka mtangazaji, pole na kazi. Nikilala najiona niko kihambani, shambani kwetu kwenye migomba, nakata majani ya ng'ombe. Panga linanichomoka mkononi. Halianguki. Linapaa juu ya migomba, linapinda kule mbele, linageuka na kunirudia kwa usawa wa kichwa. Kabla halijanifikia naamka. Ndoto ni hiyohiyo, wiki ya tatu sasa. Kuna mtumishi mmoja wa Mungu ameniombea, akaniambia ni mshale wa usiku, kuna mtu wa karibu ananirushia. Sisi na shemeji yangu tuna ugomvi wa mpaka wa shamba. Je, ni yeye?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niiweke kando mada niliyokuwa nimeandaa. Watu wengi wanaponiletea ndoto ya silaha hawaniulizi maana yake. Wananiuliza ni nani. Wanataka jina. Wakati mwingine jina wanalo tayari, wanachotaka ni redio iligonge muhuri.

Sasa isome tena meseji ya dada yetu taratibu. Panga ni la nani? Ni lake. Limetoka mkononi mwa nani? Mkononi mwake. Katika ndoto nzima hakuna shemeji, hakuna sura ya mtu mwingine, hakuna hata sauti iliyopigwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Shemeji ameingia asubuhi, watu wakiwa macho, kwa mlango wa ugomvi uliokuwepo kabla ya ndoto. Mtumishi naye ameuita mshale kitu ambacho mwotaji mwenyewe anasema ni panga, panga analolijua hadi mpini wake. Nitalirudia hili leo mpaka mnichoke: kabla hujauliza silaha inamlenga nani, angalia imetoka wapi.

Na siyo elimu mpya. Wazee wa ndoto, wa dini zote mbili tunazozifuata huku, walifanya hivyo.

Wenye Biblia fungueni kitabu cha Waamuzi, sura ya 7. Gideoni ana watu 300 tu, Wamidiani wamejaa bondeni. Usiku, yeye na mtumishi wake Pura wananyatia hadi kando ya kambi ya adui, na huko wanamsikia askari mmoja wa Kimidiani akimsimulia mwenzake ndoto. Ameota mkate wa shayiri unabingirika kuingia kambini, unaigonga hema, hema inapinduka. Mwenzake hakusita. Akasema huo ni upanga wa Gideoni. Hebu fikiri: aliyeota hakuona upanga, aliona mkate, chakula cha maskini. Ila ulikuwa kwenye mwendo, unabingirika, unapiga, unaangusha. Mwenzake aliyasoma mapigo, hakuusoma mkate. Na aliwezaje kuwa na uhakika kiasi kile? Kwa sababu hofu ya Gideoni ilikuwa imeshalala nao kambini, ndoto ikaja kuisema tu. Sura haijaisha, tarumbeta zinapigwa, mitungi inavunjwa, mienge inawaka, na Wamidiani wanachomoa panga na kukatana wenyewe kwa wenyewe. Upanga uliowaua usiku ule kwa wingi ulikuwa upanga wao wenyewe.

Kwa Waislamu mfano uko wazi zaidi, maana silaha yenyewe iko mkononi mwa mwotaji. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume Muhammad aliota anautikisa upanga, ukavunjika sehemu ya mbele. Akautikisa tena, ukarudi vizuri kuliko ulivyokuwa. Kule kuvunjika alikufasiri kuwa ni msiba uliowapata waumini siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, yaani 625, walipouawa Waislamu wapatao 70. Kule kurudi uzima ni ushindi na kukusanyika kwao. Upanga ulikuwa watu wake mwenyewe. Angeweza kusema ni upanga wa Makureshi, maadui walikuwepo na majina yao yanajulikana. Hakusema hivyo.

Msikilizaji, hapo pana mizani ya kutosha kupimia vijitabu vyote vya tafsiri ya ndoto vinavyouzwa kwenye meza za vitabu kutoka Mombasa hadi Kigoma. Vingi vinajinasibisha na Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 wa Hijra, ingawa vitabu vyenyewe vilikusanywa na watu waliokuja baada yake. Humo utakuta upanga ni mtoto wa kiume au madaraka, mshale ni barua au neno lililotumwa. Sivikejeli. Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu Ibn Sirin mwenyewe kinavipinga vijitabu hivyo. Watu wawili walimwendea, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia utakwenda Hija. Wa pili akamwambia mkono wako utakatwa kwa wizi. Wanafunzi wakashangaa, ndoto ni moja, vipi? Jibu lake lilikuwa kwamba aliwatazama watu wenyewe, mmoja akamwona ana dalili za uchamungu, mwingine hakumpenda alivyo. Kijitabu hakiwezi kukutazama. Kinakupa "panga: adui", kinakuacha njiani.

Na Tarakea panga si adui. Twende polepole hapa, maana ndipo wafasiri wa mbali wanapotupoteza. Huku kwetu hakuna mstari kati ya silaha na kifaa. Asubuhi na mapema utamkuta mama anapanda kutoka shamba la chini, mzigo wa majani kichwani, panga limechomekwa ndani ya mzigo, mpini tu unaonekana. Siku ya soko, pale wanapopimia maharage na mahindi, panga mpya zimepangwa juu ya gunia pamoja na majembe, na mnunuzi analijaribu kwa kulipunga mara mbili hewani, mtu yeyote asishtuke. Msaragambo ukiitwa wa kusafisha barabara, kijiji kizima kinatoka na panga. Upande wa Loitokitok ndugu zetu Wamasai wanavaa sime kiunoni kama sehemu ya mavazi. Mtu anayekata majani kila siku ya Mungu lazima ataliona panga usingizini, kama dereva anavyoota usukani. Kuliona si habari. Habari ni kwamba limemponyoka, na kwamba linarudi.

Silaha za ndotoni hubadilika na zama, na mlima wetu wa Kilimanjaro ni shahidi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mangi Horombo wa Keni, yule ambaye jina lake limebaki kwenye kibanda cha wapanda mlima kilichoko mita 3,720 kwenye njia ya Marangu, aliwapiga mamangi wenzake kwa mikuki na ngao, akajenga ngome za mawe ambazo sehemu zake wazee wa Keni bado wanawaonyesha wageni. Simulizi zinasema aliuawa akipigana na Wamasai. Watu wa zama zile, wakiota wanauawa, waliota mkuki. Baadaye misafara ya pwani ikaleta bunduki, Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho wakazigombea. Mwaka 1891 Wajerumani wakampiga Sina, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Mangi Meli pale Old Moshi pamoja na wenzake. Februari na Machi 1916 mizinga ya Waingereza na Wajerumani ililia Salaita na Latema, karibu na Taveta, ambapo mtu akisimama Rombo ya chini anapaona kwa macho. Baada ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, wapo wazee nchi hii ambao mpaka leo hawaoti panga wala mkuki. Wanaota mlio. Kitu kinapita juu yao kwa filimbi ndefu, hawakioni. Mzee wa namna hiyo ukimwambia "unarushiwa na jirani", unamtukana. Yeye kitu kilichorushwa anakijua, na anaijua nchi kilikotoka.

Niseme jambo kuhusu hii "mishale ya usiku", maana imekuwa biashara. Wahubiri wanaitoa kwenye Zaburi ya 91. Nendeni mkaisome wenyewe, Warombo wengi ni Wakatoliki na Zaburi mnaisikia kila Misa. Mshale wa zaburi ile unaruka mchana. Cha usiku kinachotajwa ni hofu. Mwandishi wa kale alizitenganisha: silaha akaiweka mchana, wakati watu wanapigana kweli, usiku akauachia kitisho. Sisi tumezichanganya, tumeuchukua mshale wa mchana tukauingiza chumbani, halafu tukaupa jina la shemeji.

Na jina likishatoka halirudi. Tanzania imeshuhudia vikongwe wakikatwa kwa panga, hasa Shinyanga na Mwanza, kwa sababu mtu fulani aliota, au aliambiwa na mganga kwamba amerogwa. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928, na humo kumtangaza mwenzako kuwa anakuroga ni kosa la jinai. Wengi wanadhani sheria ile ilitungwa kwa ajili ya wachawi peke yao. Iliwatazama pia wanaotaja wachawi. Dada yangu, mtumishi wako angepaswa kulijua hilo kabla hajakuombea.

Basi sayansi inasemaje? Nitaanza na Freud wa Vienna na nitapita haraka, kwa sababu redio hii inasikilizwa na watoto. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 kila silaha ndefu, upanga, mkuki, bunduki, aliirudisha kwenye mwili wa mwanamume. Wakubwa mmeelewa. Mimi naona mtu ambaye hajawahi kukata majani asingejua pa kuliweka panga.

Anayenisaidia zaidi ni Antti Revonsuo wa Finland, ambaye mwaka 2000 alitoa hoja kwamba ndoto ya hatari ni mazoezi. Ubongo unamchezesha mtu mchezo wa kukimbia na kukwepa ili siku ya kweli mwili usiduwae. Mwaka 2005 yeye na wenzake walilinganisha ndoto za watoto wa Kikurdi kaskazini mwa Iraki, waliokulia kwenye vita, na za watoto wa Finland wenye amani. Wa Kikurdi waliota hatari nyingi zaidi na kali zaidi. Kwa maneno ya kwetu: mtu huota silaha kwa kadiri maisha yake yalivyojaa hofu. Watoto wale hawakuwa wanarogwa. Walikuwa wameona.

Lakini utafiti ninaoupenda kuliko wote, sehemu yake ilifanyika hapa nchini, siku moja tu ya basi kutoka hapa. Mwaka 2023 watafiti wa Toronto na Geneva walichapisha ulinganisho wa ndoto za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Wabayaka wa Kongo kwa upande mmoja, na za watu wa nchi za Magharibi kwa upande wa pili. Wahadzabe ni watu wa upinde na mshale, wawindaji mpaka leo. Ndoto zao na za Wabayaka zilikuwa na hatari nyingi, mnyama mkali, kuanguka, kuumia, ila mara nyingi zilimalizika kwa msaada. Ndugu anatokea, rafiki ananyoosha mkono, kundi linakuja. Huko Magharibi hatari ilipungua na wasiwasi ukabaki hadi mwisho, mtu peke yake.

Tangu niusome, nikiletewa ndoto ya silaha nauliza pia: ulipopiga kelele, nani alikuja? Dada yetu wa Tarakea yuko kihambani peke yake. Kihamba cha Kirombo, ambako ukipiga ukelele mmoja watu watano wanatokea kwenye migomba, ndotoni kimekuwa kitupu. Mimi naona hapo ndipo kidonda kilipo. Ugomvi wa mpaka umemtoa kwenye watu wake. Anakata majani huku anasikiliza kama shemeji yuko upande wa pili. Hawasalimiani, watoto wamekatazwa kuvuka. Hasira anayo, na ana haki nayo pengine, lakini hajaisema kwa mtu yeyote mwenye uwezo wa kuisikia. Imebaki mkononi. Usiku inamchomoka, inazunguka, inamrudia. Simlaumu hata kidogo. Ninachomwambia ni kwamba ndoto hii inazungumza habari zake, na kuhusu shemeji haijui zaidi ya anavyojua yeye.

Mpaka nao una dawa yake. Mimea ya masale iliyopandwa na mababu mpakani bado ipo kwenye vihamba vingi, na wazee wa ukoo wanajua alama ilipokaa. Wakishindwa wao kuna balozi, kuna baraza la kata. Jani la sale lilelile linaloweka mpaka ndilo mtu wa Kichaga analopeleka akienda kuomba radhi. Sisemi nani aanze. Wote wawili wananisikia, nina hakika.

Sasa geuza upande wa pili. Wapo wanaoota wao ndio wanaorusha, na silaha inawagomea. Hizi zimejaa kwenye simu yangu, hasa za vijana. Kijana anaota mwizi ameingia bandani, anavuta upinde, mshale unatoka na kudondoka miguuni. Mwingine ana bunduki, anavuta kifyatulio, risasi zinamwagika kama punje za mahindi. Mkuki unalegea. Ngumi inakwenda pole kana kwamba iko ndani ya maji. Wanaamka wamedharauliwa na usingizi wao wenyewe, na wafasiri wanawaambia nguvu zao za kiume zimefungwa kwenye chungu, waje na kuku mweusi.

Acheni kuku wenu watage. Mwaka 1953 huko Chicago, Aserinsky na Kleitman walieleza usingizi wa aina yake ambamo macho yanacheza chini ya kope, na humo ndimo ndoto nyingi kali zinamotokea. Baadaye ikajulikana kwamba katika usingizi huo misuli mikubwa ya mwili inazimwa, inabaki pumzi na macho. Mwili umefungwa kwa makusudi ili usiruke kitandani na ndoto zako. Wapo wataalamu wanaodhani ule uzito wa mkono ndotoni ni ubongo unaoamuru na mwili usiojibu. Ukiamka kabla kamba hazijafunguliwa, akili iko macho na mwili bado umekufa, ndilo jinamizi la kukaba hilo. Halina uhusiano na mtu wa nyumba ya pili.

Ila kuna watu ambao kamba hizo hazifungi, na hapa naomba usikivu, hasa wa kina mama wenye wazee. Mzee anaota anapigana, na mkono unapiga kweli. Anampiga teke mkewe, anaanguka kutoka kitandani, anavunja taa. Akiamshwa anasema nilikuwa namfukuza mtu mwenye rungu. Mwaka 1986 Carlos Schenck na wenzake huko Minnesota, Marekani, waliueleza ugonjwa huu, na leo inajulikana kwamba kwa watu wengi, wanaume wazee hasa, huwa dalili ya mapema ya Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, miaka mingi kabla mkono haujaanza kutikisika. Mzee wa hivyo msimpeleke kwa maombi peke yake. Na msilale naye panga likiwa uvunguni.

Maana tuseme ukweli, nyumba ngapi Tarakea hazina panga uvunguni? Limewekwa kwa ajili ya mwizi, limenolewa, mpini umeelekezwa upande wa mkono wa kulia ili lishikike gizani. Mtu analala juu ya silaha kila siku halafu anashangaa silaha imeingia ndotoni. Mtu wa mpakani anayevusha mzigo kwa njia za panya, anayelala akisikilizia pikipiki na mbwa, huyo usiku wake ni wa ulinzi hata akiwa amefumba macho. Ubongo uliowekwa zamu haujui kwamba umekwenda likizo.

Halafu kuna dawa. Sitaki kumtisha mtu hapa, nataka kumsaidia. Wanaotumia ARV wanaijua efavirenz, iliyokuwa inamezwa usiku kwa miaka mingi kabla wengi hawajahamishiwa dawa nyingine. Ndoto kali na za kutisha ni moja ya maudhi yake yanayofahamika sana. Nimekutana na watu waliozunguka kwa waganga kwa ndoto za kufukuzwa na mapanga, kumbe jibu liliandikwa kwenye karatasi ya kopo la dawa. Wengine, vibaya zaidi, waliacha dawa kimyakimya wakidhani ndizo zinazowaita majini. Usiache. Mwambie muuguzi wa kliniki, yeye hatashangaa, amesikia mengi. Propranolol ya moyo na presha nayo huweza kuleta ndoto mbaya. Waongozaji wa watalii wa njia ya Rongai watawaambia kuhusu wageni waliomeza mefloquine ya malaria wakapiga kelele hemani usiku kucha.

Pombe sitaisahau, ningeisahau wake zenu wangenipigia. Mbege ya sherehe haina neno kubwa. Ninasema ile kali ya kila siku. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, kilichokuwa ndani kimehamia kwenye vichupa. Pombe kali huuzuia usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku, alfajiri unarudi kwa kisasi. Na mlevi wa siku nyingi akiacha ghafla, ndoto humjia kama mafuriko, na anaweza kuona silaha hata akiwa macho. Huyo ni wa hospitali, siku hiyohiyo.

Sasa dada yetu afanye nini usiku wa leo? Iko njia rahisi, ilipimwa na Barry Krakow na wenzake kule New Mexico, matokeo yakachapishwa mwaka 2001, kwa wanawake waliokuwa wameumizwa vibaya katika maisha yao na kuandamwa na ndoto. Mchana, ukiwa umetulia, chukua ndoto yako uibadilishe mwisho upendavyo. Usiifasiri, ibadilishe tu. Panga limeruka, sawa. Linapopinda, liache litue juu ya shina la mgomba, lichomeke hapo. Au mwingize mtu, mama yako mzazi anatoka kwenye migomba na kulidaka kwa mpini. Chagua mwenyewe. Halafu jisimulie ndoto hiyo mpya dakika chache kila siku. Wanawake wengi wa utafiti ule ndoto zao zilipungua, na usingizi ukawa bora. Haigharimu kitu, na haimtaji mtu.

Zikiendelea kila wiki, ukaanza kuogopa kulala, au ukaanza kumwangalia mtu fulani kwa jicho la kumdhuru, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Wanaweza kukuandikia rufaa Hospitali ya Huruma hapa Rombo, na katika Hospitali ya KCMC, Moshi, wapo madaktari wa afya ya akili. Kwenda kwao si wazimu. Ukifika waeleze mambo matatu: ndoto yenyewe, dawa unazomeza, na kama kuna mtu umeshamtaja.

Na kwa nyumba zote zinazonisikia saa hii, kabla hamjazima taa: lile panga la uvunguni litoeni, likalale stoo na majembe. Mbwa na filimbi vinatosha kuwaita majirani. Meseji zenu za ndoto za maji na za kuvuka mito nimezipokea, tutazisoma wiki ijayo saa hizihizi.